Mbwa naye anaenda likizo: safari salama kwake, kwa jirani na kwa wanyama wa pori

Kila Desemba, shule zikishafungwa na barabara ya Mombasa ikaanza kujaa magari yenye mizigo paani, familia nyingi za Nairobi, Nakuru na Eldoret hujikuta na swali ambalo hawakulipangia: mbwa abaki na nani? Zamani jibu lilikuwa rahisi. Mbwa alikuwa mlinzi, na mlinzi haendi likizo. Soja wa langoni aliachiwa unga na mifupa, familia ikaondoka, na mbwa akabaki akibweka hadi Januari.

Siku hizi mambo yamebadilika. Mbwa analala barazani au ndani kabisa, watoto wanamwita kwa jina, na ana kadi yake ya kliniki kama mtoto mwingine yeyote wa nyumba. Kumwacha wiki mbili kunauma. Ndiyo maana wenye nyumba za kukodisha kule Diani, Kilifi, Naivasha na Nanyuki wanazidi kuulizwa kama mbwa anaruhusiwa, na wengine wameanza kuandika jibu hilo wazi kwenye matangazo yao.

Mimi naliunga mkono jambo hili kwa moyo wote. Mbwa anayesafiri na watu wake hujifunza utulivu, na watoto hujifunza kwamba kufuga ni wajibu usio na sikukuu. Lakini neno “karibu” la mwenye nyumba halitoshi kupafanya mahali pawe pa kumfaa mbwa. Mahali panapofaa ni pale ambapo pande tatu ziko salama kwa pamoja: mbwa mwenyewe, watu anaowakuta, na wanyama wa pori wanaoishi jirani. Upande mmoja ukisahauliwa, likizo huharibika, na mara nyingi anayeumia si yule aliyefanya uamuzi.

Chanjo kabla ya nyumba

Kabla hujalipa amana ya nyumba, fungua kadi ya mbwa uangalie tarehe ya chanjo ya kichaa cha mbwa. Ugonjwa huu si mgeni kwetu. Kisa cha kwanza kuthibitishwa nchini Kenya kilikuwa cha mbwa katika viunga vya Nairobi mwaka 1912. Zaidi ya karne moja baadaye, kichaa cha mbwa bado kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 duniani kila mwaka, wengi wao Afrika na Asia, kama asilimia 40 wakiwa watoto, na hadi asilimia 99 ya maambukizi kwa binadamu hutokana na mbwa. Dalili zikishajitokeza, karibu kila mgonjwa hufa. Lakini chanjo huzuia, na inapatikana.

Mwaka 2014 Kenya ilizindua mpango wa kukitokomeza kichaa cha mbwa ifikapo 2030. Nguzo yake ni kuchanja angalau asilimia 70 ya mbwa ili virusi vikose pa kupita. Makueni, kaunti ambayo barabara ya Mombasa inaipasua katikati, ilikuwa miongoni mwa kaunti za mwanzo kuujaribu mpango huo. Kwa hiyo anayesafiri na mbwa asiyechanjwa kutoka Nairobi hadi pwani anapita juu ya kazi ya watu waliohangaika kijiji kwa kijiji na maboksi ya barafu, na huenda akaiharibu.

Mtoto wa mbwa huchanjwa anapotimiza miezi mitatu. Ikiwa ndiyo chanjo yake ya kwanza, mpe wiki tatu kamili kabla ya safari ili kinga ijengeke. Siku hiyo hiyo muulize daktari wa mifugo kuhusu chanjo ya parvo, distempa na leptospira, dawa ya minyoo, na kinga ya kupe na viroboto. Kama unaelekea pwani, taja pia minyoo ya moyo, ambayo huenezwa na mbu. Piga picha ya kadi na uiweke kwenye simu, lakini kadi yenyewe ibebe. Mwenye nyumba anaweza kuitaka, na askari wa barabarani pia.

Na iwapo mbwa yeyote, wako au wa mwingine, atamng'ata mtu safarini, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha mtu huyo apelekwe hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo. Usingoje kuona kama mbwa atabadilika tabia.

Mbwa wa langoni bado si mbwa wa safari

Wengi wetu tumewalea mbwa wetu kwa kazi moja. Mchana hufungiwa kibandani, usiku huachiwa, na kila mgeni ni adui. Kibao cha “Mbwa Mkali” kimekuwa sifa ya nyumba. German Shepherd au mbwa wa kienyeji aliyekua hivyo hana kosa lolote, lakini ukimtoa ghafla ukampeleka kwenye nyumba yenye mtunza bustani, muuza samaki anayebisha hodi na watoto wa jirani wanaokimbia ufuoni, unamtwika mtihani ambao hajasomea.

Maandalizi huchukua majuma kadhaa. Anza kwa kumzoesha gari likiwa limesimama: apande, ale humo, ashuke. Kisha mzungushe mtaani, halafu safari ya nusu saa inayoishia mahali anapopapenda, asije akaamini kwamba gari humpeleka kwenye sindano peke yake. Mzoeshe kamba. Mzoeshe kufungwa kifuniko cha mdomo, hata kama si mkali, kwa kuwa mbwa yeyote mwenye maumivu anaweza kung'ata mkono unaotaka kumsaidia. Mfundishe kuja anapoitwa. Mbwa asiyeitikia jina lake nyumbani hataliitikia kwenye mlio wa mawimbi.

Kama baada ya hayo yote bado anatetemeka garini au anamvamia kila mgeni, basi upendo wa kweli ni kumwacha kwa mtu anayemjua, au kwenye kituo cha kutunzia mbwa ulichokitembelea mwenyewe na kuona wanapolala. Si kila mbwa anahitaji bahari.

Ndani ya gari

Mabasi mengi na matatu humkataa mbwa, kwa hiyo kwa wengi safari ni ya gari la nyumbani. Hapo kosa la kwanza ni kumwacha huru. Mbwa wa kilo 30 aliyeketi kiti cha nyuma bila kufungwa hurushwa mbele gari likifunga breki kwa nguvu, akaumia na kumuumiza aliye mbele yake. Anayekaa mapajani mwa dereva ni hatari zaidi. Na yule anayesimama nyuma ya pikapu, masikio yakipepea, amebakiza shimo moja tu la barabara kabla ya kuanguka.

Suluhisho ni kizimba imara kilichofungwa kisiteleze, chenye nafasi ya mbwa kusimama, kugeuka na kulala, au mkanda wa kifuani unaounganishwa na mkanda wa usalama wa gari. Usiufunge kwenye ukosi wa shingo. Breki moja inatosha kumvunja shingo. Kichwa nacho kibaki ndani ya dirisha. Vumbi na mawe madogo ya malori huharibu macho.

Mlishe saa tatu au nne kabla ya kuondoka, na kidogo. Tumbo likijaa, kona za kwanza zitalimwaga. Kwa mbwa anayetapika kila safari, daktari ana dawa yake. Dawa za binadamu usimpe kamwe. Paracetamol na ibuprofen, ambazo hazikosekani kwenye mkoba wa mama yeyote, zinaweza kumuua mbwa.

Simama kila baada ya saa mbili au tatu. Na hapa kuna jambo dogo ambalo ningependa kila msafiri alishike. Katika kituo kimoja cha mafuta Mtito Andei niliona familia ikifungua milango yote minne kwa pamoja, kama tunavyofanya sote baada ya safari ndefu. Mbwa wao, mweupe, mdogo, aliruka nje kabla ya mtoto wa kwanza kushuka, akapita chini ya tela la lori lililokuwa likirudi nyuma. Utingo ndiye aliyepiga ubavu wa lori kwa kofi mfululizo hadi dereva akasimama. Mbwa alitoka upande wa pili akiwa mzima. Kamba yake ilikuwa ndani ya buti, chini ya mabegi.

Kamba hukaa mkononi, si kwenye buti. Huvalishwa mlango ukiwa bado umefungwa. Kwenye ukosi pawe na kibati chenye namba ya simu inayopatikana safarini, kwa kuwa mbwa anayepotea Emali hana njia ya kurudi Kasarani.

Joto la nyanda za chini

Barabara ya Nairobi hadi Mombasa ni takriban kilomita 480, na huteremka kutoka karibu mita 1,700 hadi usawa wa bahari. Mbwa aliyeondoka na baridi ya alfajiri anakutana na jua la Tsavo saa sita mchana. Yeye hatoi jasho mwilini kama sisi. Hupoza damu kwa kutweta, na jasho kidogo kwenye nyayo. Hewa ikiwa ya moto na yenye unyevu, kutweta hakumsaidii sana. Wenye pua fupi, kama pug na bulldog, huzidiwa mapema zaidi, na ndiyo maana mashirika mengi ya ndege huwakataa.

Gari lililosimama juani ni tanuri. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford walionyesha mwaka 2005 kwamba joto ndani ya gari lililofungwa hupanda kwa wastani wa nyuzi 22 za Selsiasi kwa saa moja, na sehemu kubwa ya ongezeko hilo, kama asilimia 80, hutokea katika nusu saa ya kwanza. Kuacha dirisha wazi kidogo hakukubadilisha mengi. Kwa hiyo ile sahani ya pilau ya “dakika kumi tu” iliwe kwa zamu: mmoja anakula, mwingine yuko kivulini na mbwa.

Joto la kawaida la mbwa ni nyuzi 38 hadi 39.2. Likipita 41, viungo vya ndani huanza kuharibika. Huhitaji kipimajoto kujua kwamba mambo yameanza kwenda kombo. Inua mdomo wake wa juu utazame ufizi. Ukiwa mzima ni wa waridi na una unyevu. Ubonyeze kwa kidole hadi ugeuke mweupe, kisha uachie: rangi inapaswa kurudi ndani ya sekunde mbili. Ufizi mwekundu sana au uliopauka, mate mazito yanayoning'inia, macho yaliyokodoa na miguu inayoyumba ni dalili kwamba umechelewa na ni lazima utende sasa. Mpeleke kivulini, mmwagie maji tumboni, shingoni na miguuni, mpepee, mpe maji ya kunywa kidogo kidogo akiweza kumeza mwenyewe. Mpoze kwanza, kisha mkimbize kwa daktari hata akionekana amepata nafuu.

Njia bora, bila shaka, ni kuondoka saa kumi alfajiri na kuwa umeshapita Voi kabla ya jua kuwa kali. Beba maji mengi kuliko unavyodhani yanatosha, na bakuli la mbwa mwenyewe.

Mahindi, mifupa na kachumbari

Raha ya barabara zetu ni chakula chake, na mbwa anaijua harufu hiyo. Gunzi la mahindi ya kuchoma ni adui mkubwa: mbwa hulimeza vipande vipande, nalo halisagiki, likaziba utumbo hadi upasuaji. Kokwa la embe hufanya vivyo hivyo. Mifupa ya nyama choma, ikishapikwa, hupasuka kuwa vijiti vyenye ncha. Kitunguu kwenye kachumbari huharibu chembe za damu za mbwa. Zabibu na chokoleti ni sumu. Waambie watoto mapema, na kwa upole, kwamba kumpenda mbwa si kumgawia kila kitu. Chakula chake cha kawaida kitoke nyumbani, cha kutosha safari nzima.

Kwa nini hifadhi zinakataa

Kuna familia hupanga kupita Tsavo au kulala ndani ya Hifadhi ya Ziwa Nakuru wakiwa na mbwa garini, kisha wakashangaa kurudishwa langoni. Shirika la Wanyamapori Kenya, KWS, haliruhusu wanyama wa kufugwa katika hifadhi zake, na hifadhi za taifa za Tanzania zina msimamo huo huo. Wapo wanaouona ukali huo kuwa urasimu. Nawasihi waisikie habari ya Serengeti.

Mwaka 1994 simba wa Serengeti walianza kutetemeka, kuanguka kifafa na kufa. Chanzo kilikuwa virusi vya distempa, ugonjwa wa mbwa, na mbwa wa vijiji vinavyozunguka hifadhi ndio walioonekana kuwa chimbuko. Kiasi cha theluthi moja ya simba wa eneo hilo walikufa, karibu 1,000 kati ya 3,000. Miaka michache kabla yake, mbwa mwitu wa Serengeti na Mara walikuwa wametoweka, na kichaa cha mbwa kilithibitishwa kwa baadhi yao. Mwaka 2017 distempa iliangamiza makundi ya mbwa mwitu wa Laikipia, eneo lile lile ambalo sasa lina nyumba nyingi za wageni wa wikendi.

Mbwa wako anaweza kuonekana mzima na bado akaacha virusi kwenye majani alipokojolea. Na yeye mwenyewe yuko hatarini: chui humpenda mbwa kuliko mawindo mengi, nyani dume ana meno ya kumrarua, na katika maeneo ya wafugaji huenda kukawa na mizoga iliyotiwa sumu kwa ajili ya fisi. Kwa hiyo ratiba yenye hifadhi na ratiba yenye mbwa ni mbili tofauti. Kwa Mtanzania anayetoka Dar es Salaam kwenda Iringa, barabara kuu yenyewe inakatiza Hifadhi ya Mikumi kwa kiasi cha kilomita 50. Hapo mbwa akojoe Morogoro, na asishuke tena hadi hifadhi iishe.

Ufuoni

Diani, Kilifi na Watamu ndiko wengi wanakoelekea, na ni kweli kwamba mchanga mpana wakati wa maji kupwa ni furaha tupu kwa mbwa. Lakini pwani ina mambo yake.

La kwanza ni bunju. Samaki huyu hutupwa ufuoni na mawimbi au na wavuvi wanaojua sumu yake, na mbwa wa bara asiyejua kitu humwona ni kitoweo. Sumu ya bunju hupooza misuli hadi ya kupumua, wala haina dawa ya kuipinga. Yavuyavu waliokauka mchangani nao bado wanawasha. Kwa hiyo tembea mbele ya mbwa, tazama mstari wa taka ulioachwa na maji kujaa, na umzoeshe kuachia kitu kinywani kwa amri moja. Mbebee maji matamu. Mbwa mwenye kiu hunywa ya bahari, na chumvi hiyo humtapisha, humharisha, na ikizidi humuua. Jioni msuuze miguu na tumbo.

La pili ni kasa. Hutaga usiku kwenye fukwe hizi hizi, na mayai hukaa mchangani kwa takriban miezi miwili. Mbwa ana pua ya kuyanusa na makucha ya kuyafukua. Watu wa Watamu wamelinda viota hivyo tangu miaka ya 1990, wakiwalipa wavuvi wawaachilie kasa walionaswa nyavuni. Ukiona kiota kilichowekewa alama, pita mbali. Usiku mbwa abaki ndani.

La tatu ni mbega wa Diani, ambao hushuka ardhini kuvuka kutoka mti hadi mti pale msitu ulipokatwa kwa ajili ya nyumba. Shirika la kuwahifadhi, lililoanzishwa mwaka 1997, limewawekea madaraja ya kamba juu ya barabara kwa sababu ya magari. Dhidi ya mbwa hakuna daraja la kutosha. Kuna kamba tu, mkononi mwako.

Ukanda wa Kwale, hasa karibu na Shimba Hills, una mbung'o pia. Mbwa hupata nagana, ugonjwa unaoenezwa na mbung'o hao, vibaya sana. Akirudi nyumbani, na baada ya wiki kadhaa akapata homa, akakonda, au macho yakafunikwa na ukungu, mwambie daktari mara moja kwamba alikuwa Kwale. Maneno hayo machache humpunguzia daktari siku nzima za kubahatisha.

Adabu ya wenyeji

Wageni wengi kutoka bara hukosea hapa bila kujua. Pwani ni ya Waislamu wengi wanaofuata madhehebu ya Shafi'i, ambako mate na unyevu wa mbwa ni najisi. Chombo alicholamba huoshwa mara saba, moja kati yake kwa udongo. Mtu aliyekwisha kutawadha na kuvaa kanzu safi, akaguswa na pua mbichi ya mbwa njiani kuelekea msikitini, hawezi kujipangusa akaendelea. Hili halina uhusiano na kumchukia mnyama. Dini hiyo hiyo inasisitiza kumpa maji mbwa mwenye kiu.

Kwa hiyo mvushe barabara mbwa wako unapoona watu wanaelekea kuswali. Mwepushe na milango ya misikiti. Katika vichochoro vya Mji wa Kale Mombasa, Lamu au Mji Mkongwe wa Unguja, ambako watu wawili hupishana kwa ubavu, usimpitishe kabisa. Bakuli, taulo na shuka za mbwa zitoke kwako, wala asilambe sufuria za nyumba uliyokodi. Na kabla hujamwambia mfanyakazi wa nyumba akuogeshee mbwa au akuoshee bakuli lake, muulize kama yuko tayari, kwa namna ambayo anaweza kukataa bila kuogopa kupoteza kibarua. Ukisema, “Kaka, nina mbwa, je, itakuwa taabu kwako?” utapata jibu la kweli na rafiki wa safari.

Kisha kuna hofu. Watu wengi, wa dini yoyote, waliwahi kukimbizwa au kung'atwa utotoni. “Usiogope, hang'ati” ni maneno matupu kwa mtu anayetetemeka. Fupisha kamba, simama kando, mwache apite. Wahenga walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mbwa mgeni naye asiikose shingoni.

Milimani na msituni

Kwa mbwa wengi, hasa wenye manyoya mazito, baridi ya juu ni likizo nzuri kuliko bahari. Limuru, Nanyuki na mashamba ya chai ya Kericho yana nyumba zenye viwanja vilivyozungushiwa ua. Naivasha ni jirani na ina nafasi, ila viboko hutoka ziwani usiku kula majani, na mbwa anayebweka kiboko hupata jibu asilolitarajia. Hakikisha kuna uzio kati ya nyumba na ziwa.

Kwa upande wa Tanzania, Lushoto inastahili sifa zake. Barabara inayopanda kutoka Mombo ina kona nyingi kwa kilomita 33 hivi, kwa hiyo mbwa apande tumbo likiwa jepesi, lakini ukifika kiasi cha mita 1,400 hewa ni ya kupoza roho. Njia za miguu hupita katikati ya mashamba na nyua za watu, kwenye kuku na mbuzi. Kamba haifunguliwi.

Na usidharau kilicho karibu. Msitu wa Karura, zaidi ya hekta 1,000 ndani ya Nairobi, ambao Wangari Maathai na wenzake waliupigania hadi kupigwa mwaka 1999, huruhusu mbwa waliofungwa kamba. Humo kuna paa wadogo, na mbega waliorudishwa kuanzia 2014. Ukitaka kujua kama mbwa wako yuko tayari kwa safari ndefu, mtembeze Karura Jumamosi moja yenye watu wengi. Akiweza kupishana na baiskeli, watoto na mbwa wengine kwa utulivu, ameshapasi.

Kila jioni, milimani au msituni, mkague kupe. Pitisha vidole pole pole: ndani ya masikio, kwapani, chini ya mkia, na kati ya kila vidole viwili vya miguu, mahali ambapo kupe mdogo hujificha kama punje ya ufuta. Mng'oe kwa kibano karibu kabisa na ngozi, kwa mvuto mmoja ulionyooka. Mbwa akipata homa, ufizi ukapauka au mkojo ukawa wa rangi ya chai, ni homa ya kupe hadi daktari aseme vinginevyo.

Ukivuka mpaka

Kupita Namanga, Lunga Lunga au Holili na mbwa kunahitaji kibali cha kuingiza mnyama kutoka mamlaka ya mifugo ya nchi unayokwenda, cheti cha afya cha daktari wa serikali, na uthibitisho wa chanjo. Vitafute wiki kadhaa kabla.

Kwa ndugu walio ughaibuni, hesabu ni ndefu zaidi. Umoja wa Ulaya humtaka mbwa anayetoka Kenya au Tanzania awe na chipu, chanjo ya kichaa cha mbwa, na kipimo cha damu kilichochukuliwa angalau siku 30 baada ya chanjo, kisha asubiri miezi mitatu. Kwa hiyo anayeishi Berlin au Stockholm na anataka kuja nyumbani na mbwa kwa likizo, akapime damu hiyo huko huko kabla ya kuondoka, ndipo ataweza kurudi bila kungoja. Marekani nayo, tangu tarehe 1 Agosti 2024, haimpokei mbwa aliye chini ya miezi sita wala asiye na chipu, na anayetoka nchi zetu hupitia masharti ya ziada kwa kuwa ziko kwenye orodha ya hatari kubwa ya kichaa cha mbwa.

Maswali kabla ya kulipa

Unapompigia mwenye nyumba, usiishie kwenye “mnaruhusu mbwa?” Muulize: ua umezunguka kiwanja chote, na una urefu gani? Kuna mbwa au paka wengine hapo, na wamechanjwa? Mmeweka sumu ya panya, na wapi? Wafanyakazi wanaridhia mbwa? Majirani ni akina nani: wafugaji, msikiti, shule, msitu? Daktari wa mifugo aliye karibu yuko wapi, na Jumapili anapatikana? Mwenye nyumba anayejibu haya bila kukereka amekwisha kufikiria kuhusu mbwa. Anayesema “hakuna shida, njoo tu” bado hajafikiria.

Nawe umpe ukweli wako: mbwa ni mkubwa kiasi gani, hubweka usiku, amechanjwa lini. Zoa kinyesi chake kila mahali, hata vichakani. Nyumba nyingi zinazokataa mbwa leo ziliwahi kumkubali mmoja, akatafuna mlango, akafukuza kuku wa jirani, na mwenye mbwa akaondoka kimyakimya. Kila familia inayoiacha nyumba safi na jirani akiwa radhi inawarahisishia wengine watakaopiga simu mwezi ujao. Kwetu nyumba zinazompokea mbwa bado ni chache. Zitaongezeka kwa kadiri wageni wa sasa watakavyojiheshimu.